Chakula cha skuli kinacholiwa baridi: mkate wa kusukuma, boflo, viazi vitamu au wali?

Mtoto wa maandalizi, yaani chekechea, anaingia darasani saa moja na nusu asubuhi, na kengele ya mapumziko inalia saa nne au baada yake kidogo. Ukihesabu tangu kopo lilipofungwa jikoni, chakula kinakuwa kimekaa mkobani masaa matatu, na mkoba wenyewe umetundikwa ukutani ndani ya chumba chenye bati juu na watoto wengi chini. Friji hakuna, na wa kupasha moto hakuna. Kwa hiyo ninapolinganisha vyakula hapa, siangalii utamu wake kikiwa kimetoka jikoni. Naangalia kilivyo saa nne: ni salama bado, mtoto wa miaka minne anaweza kukila mwenyewe, na kitamshikilia tumbo mpaka arudi nyumbani?

Naanza na usalama, kwa sababu tumbo la mtoto mdogo likichafuka ni jambo zito na anaishiwa maji upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya masaa mawili, kwani vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi. Kwetu Zanzibar wakati wa kaskazi, Januari na Februari, mchana hewa inapita nyuzi 30, na kipupwe cha Juni na Julai kinapunguza kidogo tu. Mkoba wa mtoto basi uko ndani ya kiwango hicho mwaka mzima, na masaa mawili yanakwisha kabla kengele haijalia. Mzazi ana njia mbili. Ama achague chakula ambacho vijidudu havipati nafasi ndani yake, ama akipoze kwa barafu. Mimi naipa uzito njia ya kwanza, kwa kuwa haimtegemei mtu wa umeme.

Vijidudu vinataka maji ili vizaliane. Chakula kikavu vinashindwa nacho, na vile vile chenye sukari nyingi au uchachu wa ndimu. Chenye tui, mchuzi au maziwa vinakipenda. Mpishi yeyote wa hapa analijua hilo bila kufundishwa: wali wa nazi wa mchana ukisahauliwa jikoni, jioni ukifunua sufuria unapata harufu. Basi tofauti ya kwanza ya kuangalia, kabla ya bei na kabla ya lishe, ni ukavu.

Mkate wa kusukuma na boflo

Ushindani wenyewe hasa uko hapa, kwa sababu nyumba nyingi za Unguja asubuhi hazikosi kimoja kati ya hivi viwili: mkate wa kusukuma, yaani chapati, au boflo, mkate wa kuoka wa dukani.

Boflo halina kazi. Unalichukua duka la jirani, unalipasua, unatia kitu, unafunga. Ni kavu, na kwa masaa matatu lenyewe haliharibiki. Tabu yake iko kwenye meno na mikono ya mtoto. Boflo la jana ganda lake limeshakaza, na mtoto wa miaka mitatu hulivuta kwa meno mpaka vilivyomo ndani vinamwagika mapajani. La slesi ni laini, lakini linanyonya maji. Ukitia tungule (nyanya) kabla hujatoka nyumbani, saa nne mkate umelowa na unakatika mkononi, na watoto wengi hawaugusi mkate uliolowa. Dawa yake ni kupaka siagi pande zote mbili mpaka kwenye kingo kabla ya kutia chochote, maana mafuta yanazuia maji yasiingie. Tungule toa mbegu na maji yake, au iache kabisa. Tango lililokatwa vipande virefu likae pembeni peke yake.

Mkate wa kusukuma unataka kazi, lakini kazi hiyo inafanywa usiku, wakati huna mbio. Asubuhi unapaka, unaviringisha, unakata vipande vya urefu wa kidole, basi. Mtoto anashika kipande kimoja kwa mkono mmoja, na kilichomo ndani hakimwagiki kwa sababu mkate umekizunguka. Hilo peke yake kwangu linatosha kuupa ushindi kwa watoto wa chini ya miaka sita.

Wanaoulalamikia husema ukipoa unakuwa mgumu. Ni kweli kwa mkate uliokandwa kwa maji baridi na mafuta ya kupima kwa kijiko. Kanda unga kwa maji ya moto kiasi mkono unavyostahamili. Maji ya moto yanaufanya unga unyonye zaidi, na unyevu huo unabaki ndani hata mkate ukishapoa. Donge liache lipumzike nusu saa likiwa limefunikwa. Samli au mafuta yapakwe kwenye matabaka, si juu tu. Ukitoa mkate chumani, yaani kwenye kikaango chake, uweke juu ya wenzake na ufunike kwa kitambaa safi ili mvuke uulainishe. Halafu, na hapa wengi wana haraka, uache upoe kabisa kabla ya kuutia koponi. Mkate wa moto ukifungiwa kwenye kopo unatoa jasho, jasho linarudi kuwa maji, na hapo umeshaupoteza ule ukavu uliokuwa ukiutaka.

Jambo jingine la mkate wa kusukuma ni kwamba unabeba mboga bila ya ugomvi. Boga lililochemshwa na kupondwa ukilikanda pamoja na unga, mkate unatoka wa manjano na laini zaidi, na mtoto asiyetaka boga sahanini anaula wote. Mchicha uliosagwa nao unakubali. Unga usiokobolewa uchanganye na mweupe nusu kwa nusu. Peke yake unatoa mkate mzito ambao ukipoa mtoto anautafuna kwa shida.

Mkate wa ajemi nauacha nje ya shindano hili. Ukiwa wa moto hauna mpinzani, ukipoa unavutika sana kwa meno ya maziwa.

Cha kutia ndani

Unga peke yake haumshikilii mtoto mpaka mchana. Anashiba saa nne, na kabla ya saa sita amechoka na analia. Ndani panataka kitu cha kujenga mwili, na hapa ndipo vyakula vinapotofautiana sana kwa usalama.

Siagi ya njugu (karanga) iko mbele ya vyote kwa kukaa. Haina maji, kwa hiyo joto la mkobani haliishughulishi, na inashiba. Ya dukani mara nyingi imetiwa sukari na chumvi. Ya kusaga mwenyewe ni njugu zilizokaangwa zikamenywa, blenda, na subira. Zichague moja moja kabla ya kukaanga: zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, tupa. Ukungu wa njugu unaacha sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na njugu hushambuliwa na ukungu wa aina hiyo hiyo. Njugu nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zikaangwe zisikaangwe, kwa sababu zinamkaba. Hata siagi yake ipake nyembamba, donge zito linanata kooni. Na kabla ya kuipeleka skuli mara ya kwanza, mpe nyumbani umwangalie, kisha mwambie mwalimu. Wapo watoto ambao njugu kidogo tu inawavimbisha uso na kuwabana pumzi, na watoto wa maandalizi wanagawana kila kitu.

Yai la kuchemsha linafuata, kwa masharti. Lichemshwe mpaka kiini kigande chote, asubuhi ile ile, na liende na ganda lake. Likitoka motoni lipoze kwa maji safi ya kunywa, usitie maji yoyote yaliyo karibu. Yai likipoa linavuta kitu kidogo ndani kupitia vitundu vya ganda. Yai lililomenywa usiku likakaa sahanini mpaka asubuhi si la kupelekwa popote. Yai la kukaanga jembamba, lililoiva pande zote, linaviringishwa vizuri ndani ya mkate, lakini liache lipoe kwanza, na siku za kaskazi liende na barafu. Hesabu ya masaa mawili inalihusu yai pia.

Samaki ndiye anayetaka maelezo marefu, kwa sababu ndiye tuliye naye na ndiye watoto wanayempenda. Jodari, vibua na nguru wana jambo lao. Wasipotiwa barafu tangu walipovuliwa, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama kitu kiitwacho histamini, ambacho hakiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mtoto akila, uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinauma, na pengine anatapika. Samaki wa namna hiyo huenda hana harufu mbaya hata kidogo. Kwa hiyo kwa chakula cha skuli nasema hivi: kama hukumnunua kwa muuzaji unayemjua na barafu yake unaiona, mle nyumbani au usimle, lakini usimtie koponi. Na wa kukaanga, mkavu, aliyetolewa miba kwa mkono na kukaguliwa mara mbili, ni bora kuliko wa kupaka au wa mchuzi. Dagaa wakavu waliooshwa wakakaangwa wakakauka wanakaa mkobani vizuri kuliko wote hawa, wana chokaa (kalsiamu) ya mifupa, na kwa pesa ndogo vinatoka vyakula vya siku kadhaa. Watoto wengine wanawakataa kwa harufu. Wasagwe na kuchanganywa na mbatata (viazi mviringo) iliyopondwa, harufu inapungua.

Bajia za kunde naona wengi wanazisahau, wanaziona ni chakula cha kununuliwa jioni barazani tu. Kwangu mimi ni chakula cha skuli hasa. Kunde zinajenga mwili, bajia imekaangwa ikakauka nje, ni ndogo kama mkono wa mtoto, na haipotezi utamu ikipoa. Zifanye nyumbani bila pilipili, na kitunguu kilichokatwa kidogo sana, na kwa kuwa ndani zina unyevu, ziende na barafu. Chungwa au chenza likienda pamoja nazo, uchachu wake unausaidia mwili kuvuna madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde. Chai ya rangi inafanya kinyume chake, inayazuia, kwa hiyo usimtilie chai kwenye chupa.

Katlesi na sambusa zinalingana kwa mvuto, ila ndani yake mna nyama yenye unyevu na mbatata. Zikaangwe asubuhi, zipoe, ziende na barafu. Sambusa ya jana usiku iliyolala juu ya meza ibaki nyumbani.

Maharage, mbaazi na choroko vikipikwa kwa nazi viache kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Vikichemshwa kwa maji na chumvi vikapondwa vikawa vikavu, na ndimu ikakamuliwa, vinapakwa ndani ya mkate vizuri kabisa.

Wali na viazi vitamu

Najua watoto wetu wanataka wali, na najua mzazi anaona uchungu wali wa usiku ukimwagwa. Lakini kati ya vyote ninavyolinganisha, wali ndio wa mwisho kwangu kwa chakula cha kuliwa baridi.

Ndani ya mchele mna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa kwenye sufuria, ukipoa polepole usiku kucha, mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu. Sumu hiyo asubuhi haiondoki ukiupasha moto tena. Yaani kuupasha kiporo kunautia harufu nzuri tu, hatari inabaki pale pale. Wali wa nazi una tatizo hilo na la tui juu yake. Pilau na biriani vina nyama pia.

Kama mtoto hali kingine kabisa, wali upikwe asubuhi hiyo, bila nazi, na utiwe ndani ya hotipoti ukiwa unatoka moshi. Hapo si chakula baridi tena, na hotipoti nitaieleza mbele. Kiporo cha wali kilichotiwa ndani ya friji mapema, ndani ya saa moja tangu kuiva, kinaliwa nyumbani kikiwa kimepashwa moto kweli kweli. Mkobani kisiende.

Viazi vitamu ni mbadala mzuri kuliko watu wanavyodhani. Kiazi kitamu kilichochemshwa na ganda lake, kikapoa, kinabaki laini na utamu wake unazidi kujulikana. Mtoto hahitaji kijiko. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A nyingi, na vitamini hiyo inataka mafuta kidogo ili mwili uivute, basi siagi ya njugu pembeni inakamilisha mambo. Vichemshwe asubuhi au alfajiri, si jana mchana, na viende na barafu, kwa sababu navyo vina maji ndani.

Muhogo wa kuchemsha ukipoa unakaza, na nyuzi zake za katikati zinamsumbua mtoto. Ukitaka kuutia, toa nyuzi zote na uukate vipande vyembamba. Uive barabara. Muhogo mbichi asipewe mtoto mdogo hata ule mtamu, kwani mbichi una sumu inayoondoka kwa kumenywa na kupikwa vizuri. Wala usiuhesabu kuwa umemlisha: muhogo ni nguvu tu, cha kujenga mwili hamna. Uende na yai au dagaa. Shelisheli nalo ndivyo hivyo hivyo, tamu likiwa la moto, likipoa linafanana na mti. Ndizi mbivu ya kuchemsha au ya kuchoma inakaa vizuri kuliko zote mbili hizo.

Mandazi, vitumbua na mkate wa kumimina

Mandazi yanakaa, yanapendwa, hayana fujo. Sukari na mafuta ndivyo vinavyoyashikilia, na ndiyo sababu yasiwe ya kila siku. Mandazi madogo mawili na yai ni chakula. Mandazi manne peke yake si chakula cha mtoto. Vitumbua vina tui na unyevu mwingi ndani, vikilala vinachacha, kwa hiyo viwe vya asubuhi ile. Mkate wa kumimina ulioiva vizuri, ukakauka juu, unafaa kuliko vitumbua, hasa ukikatwa vipande vidogo, na siku ya mwisho ya wiki mtoto akiukuta koponi anarudi nyumbani akiusimulia. Vileja vitie kidogo tu kama kifurahisho. Vinavunjika na kuwa unga, na mtoto mdogo anapaliwa nao.

Matunda na maji

Hapa uamuzi ni mwepesi: tunda lenye ganda lake linalishinda tunda lililokatwa. Ndizi kisukari moja haitaki kopo wala kisu, na haijaguswa na mkono wa mtu. Chenza mtoto anamenya mwenyewe. Chungwa linataka kisu, limenye nusu na uliache na ngozi yake nyeupe, halafu toa kokwa zote. Embe, papai na nanasi vilivyokatwa vinatoa maji ambayo yanalowesha kila kitu, basi viwe na kopo lao dogo na barafu, au vimsubiri nyumbani. Shokishoki zinamtelezea kooni mtoto mdogo pamoja na kokwa yake. Mtolee kokwa, ukate. Zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, mara mbili. Karoti mbichi ikwaruzwe, isiende vipande vya mviringo. Tende moja au mbili zilizotolewa kokwa na kukatwa zinakaa siku nzima bila wasiwasi wowote.

Kinywaji ni maji yaliyochemshwa. Visiwa vyetu vimepitia miripuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, na juisi ya ukwaju au ya embe iliyokorogwa kwa maji ya bomba inapitisha maradhi sawasawa na maji yenyewe.

Kopo, hotipoti na barafu

Hotipoti na kopo la kawaida watu huzichanganya, wakati kazi zake zinapingana. Hotipoti ni ya chakula cha moto kinachotakiwa kibaki juu ya nyuzi 60. Ile ndogo ya mtoto ina chakula kidogo, na chakula kidogo kinapoa upesi. Saa nne inaweza kuwa imefika vuguvugu, joto ambalo vijidudu vinalipenda kuliko lote. Ukiitumia, itie maji yanayochemka dakika kumi kwanza, yamwage, ndipo utie chakula kikiwa cha moto sana mpaka juu. Chakula kikavu cha baridi hakina haja nayo kabisa.

Kati ya kopo la plastiki na la chuma cha pua, la chuma ni ghali zaidi ukilinunua kwenye masoko ya Darajani au Mwanakwerekwe, lakini halibaki na harufu ya dagaa na halipasuki likianguka. La plastiki ni jepesi, na mfuniko wake mara nyingi ni rahisi kwa vidole vidogo. Sharti langu kwa yote mawili ni moja: mpe mtoto kopo nyumbani likiwa limefungwa, umwone akilifungua na kulifunga peke yake. Akishindwa, usilinunue hata likiwa zuri vipi. Mwalimu mmoja hawezi kufungua makopo ya darasa zima, na wapo watoto wanaorudi na chakula chote kwa kuona haya kuomba msaada. Mifuko laini ya plastiki Zanzibar tuliikataza tangu 2006; kitambaa safi cha pamba kinaufunga mkate vizuri zaidi, kwa sababu kinapitisha hewa.

Barafu ya bure ni chupa ya maji. Jaza chupa ndogo maji yaliyochemshwa yakapoa, ukiacha nafasi juu, maana maji yakiganda yanaongezeka karibu sehemu moja ya kumi na chupa iliyojaa inapasuka. Igandishe usiku. Asubuhi ifunge kwa kitambaa na uilaze juu ya kopo, siyo chini yake, kwa kuwa ubaridi unashuka. Ikifika saa nne imeshayeyuka nusu, mtoto anakunywa maji baridi na chakula kimesalimika.

Nani achague nini

Nyumba isiyo na friji, au ile ambayo umeme wake haueleweki, ishike mkate wa kusukuma wenye siagi ya njugu, dagaa wakavu, tende na ndizi. Hapo hapana kinachohitaji barafu, na kwa kuvibadilisha mtoto hachoki. Nyumba yenye friji inaongeza yai, bajia za kunde za asubuhi, katlesi na samaki aliyekaangwa, kwa sharti la chupa ya barafu kila siku, siyo siku unayokumbuka.

Mtoto wa miaka mitatu mpe vipande vya urefu wa kidole, vitu viwili tu, na tunda. Vitu vitano koponi vinamchanganya, anaonja kila kimoja na hamalizi hata kimoja. Wa miaka sita au saba anaweza kupewa boflo zima lililokatwa kati, na afadhali umshirikishe usiku wakati wa kuchagua, kwa sababu alichokichagua mwenyewe anakila. Ikiwa anatoka skuli moja kwa moja kwenda chuoni kusoma Qur'ani bila kupita nyumbani, fungasha makopo mawili. La pili liwe na vitu vikavu peke yake, siagi ya njugu, tende, mandazi, kwani barafu ya asubuhi haitafika huko.

Mzazi anayeamka alfajiri na ana saa nzima, bajia na viazi vitamu vinamfaa. Anayetoka kazini usiku, akande mikate siku ya mapumziko, aisukume, aichome nusu kuiva, na aiweke ndani ya friza ikiwa imetenganishwa kwa karatasi. Asubuhi dakika mbili chumani zinatosha.

Kopo likirudi lifungue siku ile ile, mbele ya mtoto, na muulize kilichobaki kimebaki kwa sababu gani: kimemshinda kutafuna, kimemkinai, au muda ulikwisha akicheza. Jibu lake ndilo la kubadilishia chakula cha kesho. Kilichobaki asipewe tena jioni, hata kikionekana kizima. Wape kuku, osha kopo kwa sabuni na maji ya moto, toa ule mpira wa kwenye mfuniko na uusugue peke yake, kisha vianike juani vikauke kabisa kabla hujavitia chakula tena.